MTI NI MMOJA, KAZI NI MBALIMBALI: JENI ZA MCHAI NA VIUNGO VYAKE

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndugu msomaji, kikombe cha chai unachokinywa asubuhi mbio mbio kabla ya kukimbilia shule, na kile cha saa nne tunachopigania foleni, vyote vimeundwa. Havikuundwa na mpishi peke yake wala na kiwanda peke yake. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika mlimani, ndani ya mti, kabla ya mkono wa binadamu kuligusa jani.

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja tu. Mchai mmoja una mizizi, shina, machipukizi, majani makuukuu, maua na mbegu. Viungo hivi vyote vimebeba jeni zile zile, bila kuzidiana hata moja. Hata hivyo kila kiungo kina kazi yake na utamu wake au ukali wake. Hilo linawezekanaje? Tafadhali tuandamane polepole, hata wewe mwenzangu uliyeacha Bayolojia ukachukua somo jingine. Sitatumia maneno ya kukutoa jasho.

MCHAI NI MTI

Sisi wa Eldoret tumezoea mahindi na ngano. Ukitaka kuona chai, panda matatu ya Kapsabet, kisha endelea hadi Nandi Hills. Hapo utaona vilima vimevikwa zulia la kijani, mpaka mtu adhani ni kichaka kifupi cha kiunoni. La, hasha! Mchai ni mti kamili. Ukiachwa bila kukatwa waweza kurefuka mita 10 na zaidi. Ni binadamu anayeupogoa kila baada ya miaka michache ili wachumaji waufikie.

Mchai haukuzaliwa kwetu. Asili yake ni Asia, na hapa Kenya ulipandwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Leo familia nyingi za Nandi, Kericho, Bomet, Kisii, Nyeri na Kirinyaga huutegemea kwa chakula na kwa karo. Yetu ni mojawapo.

SWALI LA MJOMBA

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kogo, ana shamba dogo la chai karibu na Nandi Hills. Likizo zangu nyingi huishia huko, kikapu mgongoni. Katika likizo ya Agosti iliyopita, mjomba wangu alitaka kuongeza uzito. Badala ya kuchuma majani mawili na kichipukizi kama ilivyo desturi, aliteremka mpaka jani la nne na la tano. Vikapu vilijaa upesi, nasi tukafurahi. Tulipofika kituo cha kununulia, karani alichukua konzi moja, akaitandaza mezani, akahesabu, akatikisa kichwa. Majani yote yalirudishwa. Tuliyabeba tena mpaka nyumbani na kuyamwaga chini ya mahindi yawe mbolea. Kilo zile zilikuwa sehemu ya karo yangu ya muhula wa tatu.

Mjomba alikasirika sana. "Hebu niambieni," akasema, "kwani majani si majani? Mti si ni mmoja? Maji ni yale yale, mbolea ni ile ile. Iweje jani la juu liwe chai na la chini liwe takataka? Hawa watu wanatuchezea tu!"

Kogo alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuinua macho. Alisema tu, "Ng'ombe naye ni mmoja, lakini hakuna anayekamua pembe."

Tulicheka, hata mjomba. Lakini nilirudi Eldoret na swali lile kichwani. Mjomba alikuwa ameuliza swali la kisayansi hasa, na Kogo alikuwa amelijibu bila kujua. Nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, nikaingia maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

KITABU KIMOJA KATIKA KILA CHUMBA

Mwili wa mti umejengwa kwa seli, kama vile ukuta ujengwavyo kwa matofali. Ndani ya karibu kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Mchai una kromosomu 30. Mimi nawe tuna 46. Nyuzi hizo zimetengenezwa kwa DNA, na DNA tunaweza kuifananisha na kitabu kikubwa cha mapishi. Kila jeni ni ukurasa mmoja, na kila ukurasa una maelezo ya kupika kitu kimoja, yaani protini.

Mwaka 2017 wanasayansi wa China na wenzao walitangaza kuwa wamekisoma kitabu cha mchai kwa mara ya kwanza. Walikuta herufi bilioni 3 hivi, karibu sawa na za binadamu. Lakini idadi ya jeni ilikuwa kama 37,000, ilhali jeni za binadamu zinazotengeneza protini ni kama 20,000. Usijione bora sana kuliko mti, ndugu yangu!

Sasa sikiliza. Kitabu hicho chote kimo katika seli ya mzizi, chote kimo katika seli ya jani, na chote kimo katika seli ya ua. Lakini hakuna seli inayopika mapishi yote kwa pamoja. Mzizi hufungua kurasa zake, jani hufungua zake, na kurasa nyingine huachwa zimefungwa. Jeni iliyofunguliwa tuseme imeamka. Iliyofungwa tuseme imelala. Kurasa chache hubaki wazi kila mahali, kwa mfano zile za kupumua na kutengeneza nguvu, kwa sababu hakuna seli inayoweza kuishi bila hizo.

Upishi wenyewe huenda hivi. Kitabu hakitoki katika kiini. Seli hunakili ukurasa unaotakiwa kwenye kijikaratasi kiitwacho RNA. Kijikaratasi hutoka nje ya kiini na kupelekwa jikoni, yaani kwenye raibosomu, na hapo protini hupikwa. Protini nyingi ni vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vifanyavyo kazi: kutengeneza rangi, harufu, uchungu, ugumu na kadhalika. Kwa hivyo, ukiona nakala nyingi za ukurasa fulani katika jani, ujue jeni hiyo imeamka jani hapo. Usipoona nakala, jeni imelala.

Ni nani anayeamua nani aamke? Ni protini nyingine ambazo ni wasimamizi. Hukaa karibu na jeni na kuifungua au kuifunga. Nao wasimamizi hupokea amri kutokana na mahali seli ilipo, umri wake, mwanga, baridi, ukame, jeraha, na homoni zinazosafiri ndani ya mti.

TUUTEMBELEE MTI KUTOKA CHINI

Tuanze na mzizi. Wengi hudhani kazi ya mzizi ni kunyonya maji tu na kuushika mti usianguke. Kumbe mzizi wa mchai ni jiko. Mchai una kitu kiitwacho theanini, ambacho huipa chai ule utamu laini unaobaki ulimini baada ya kumeza. Theanini iligunduliwa na Wajapani mwaka 1949. Jeni inayotengeneza kimeng'enya cha theanini imeamka zaidi katika mizizi kuliko katika majani. Mzizi hunyonya naitrojeni kutoka udongoni, huigeuza kuwa theanini, kisha huipakia katika maji yapandayo kupitia zailemu. Maji huipeleka mpaka kwenye machipukizi, na huko ndiko inakorundikana.

Kwa hivyo ladha ya kikombe chako huanza chini ya ardhi. Ndiyo sababu mkulima hutia mbolea ya NPK 26:5:5. Ile 26 ya kwanza ni naitrojeni. Mkulima asiyetia mbolea hapunguzi wingi wa majani tu, bali pia huunyima mzizi unga wa kupikia.

Tupande mpaka kwenye kichipukizi na majani mawili machanga. Hapa kuna shughuli kama soko la Eldoret siku ya Ijumaa jioni. Jeni za kutengeneza kafeini zimeamka sana. Mwaka 2000 wanasayansi wa Japani walitangaza kuwa wameipata jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha kafeini, na waliipata wapi? Katika majani machanga ya chai. Katika chipukizi kilichokaushwa, kafeini huwa kama asilimia 2 hadi 4 ya uzito. Katika mizizi ni haba mno.

Kwa nini mti uhangaike hivyo? Kwa sababu jani changa ni laini, nalo ni chakula kizuri kwa wadudu. Mti hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kurusha mawe. Silaha yake ni uchungu. Kile kinachokuamsha wewe usome prepu, kwa mdudu mdogo ni sumu.

Pamoja na kafeini, jeni za kutengeneza katekini nazo zimeamka hapo juu. Katekini ni jamaa ya polifenoli, na polifenoli hizo zaweza kufika karibu asilimia 30 ya uzito wa chipukizi kilichokaushwa. Hizi ndizo roho ya chai yetu ya Kenya. Kiwandani majani hunyaushwa kwa saa nyingi, kisha husagwa. Yanaposagwa, seli hupasuka, na katekini hukutana na kimeng'enya kimoja ambacho jani lenyewe lilikuwa limekitenga mbali nazo. Hewa ikiingia, kwa muda wa saa moja au mbili hivi kijani hugeuka kuwa rangi ya shaba, na katekini hugeuka kuwa theaflavini na wenzake. Hao ndio hutoa ule wekundu unaong'aa na ule ukali unaofanya chai ivumilie maziwa. Bila katekini hakuna chai nyeusi ya maana.

Mambo haya si ya kuaminiwa kwa masikio tu. Nilipokuwa kwa Kogo katika likizo ya Desemba, nilichuma machipukizi machache na majani makuukuu machache. Niliyasugua mbali mbali kati ya viganja mpaka yakatoa maji, nikayaweka kivulini juu ya sahani mbili. Sahani ya machipukizi iligeuka rangi ya shaba mapema na kunukia kama kiwanda. Sahani ya majani makuukuu ilibaki na madoa ya kijani, nyuzi zikajitokeza, na harufu ikawa ya nyasi. Mjomba alikuja akainusa sahani moja, akainusa ya pili, akaguna. Hakusema neno.

JANI KUUKUU LISIDHARAULIWE

Tushuke sasa kwenye jani la nne, la tano na yale mazito ya kijani kibichi yaliyo chini. Je, haya ni mavivu? Hata kidogo. Jani likikomaa, jeni nyingi za kafeini na katekini hupunguza kasi au hulala. Ngozi yake imekuwa ngumu, wadudu wengi hawaliwezi tena, kwa hivyo halihitaji silaha nyingi. Badala yake, jeni za kujenga nyuzi na kuta ngumu zimekwisha kufanya kazi yake, na jeni za usanidinuru zinaendelea. Jani kuukuu hushika mwanga wa jua, hutengeneza sukari, na kuwalisha mizizi na machipukizi.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo jibu la mjomba lilipo. Jani la tano si takataka. Ni baba wa nyumba aendaye kazini kila siku ili watoto wale. Thamani yake iko mtini, haiko kikapuni. Ukilichuma umepata hasara mara mbili. Kwanza umepeleka kiwandani nyuzi badala ya katekini, na chai yote ya kikapu imeshuka daraja. Pili umewanyima chakula watoto ambao ungewachuma wiki ijayo. Kweli, hakuna anayekamua pembe. Na akijaribu, maziwa yatapungua pia!

SHINA, MAUA NA MBEGU

Shina nalo lina kurasa zake, hasa za kujenga mbao na mirija ya maji na chakula. Lakini shina lina siri nyingine kubwa. Ukitaka kupanda chai siku hizi, hupandi mbegu. Unakata kipande kifupi cha tawi changa chenye jani moja na kijicho cha chipukizi kwapani mwake. Unakichomeka katika mfuko wa plastiki wenye udongo, unakiweka kivulini na kukitunza kiwe na unyevu. Baada ya miezi kadhaa kimeota mizizi!

Mizizi hiyo ilitoka wapi, ikiwa kipande kile kilikuwa tawi na jani tu? Ilitoka katika kitabu. Kurasa za mzizi zilikuwamo ndani ya seli za tawi siku zote, zimelala. Kisu kilipokata, homoni zikakusanyika penye jeraha, na wasimamizi wakazifungua kurasa zile. Huu ni ushahidi ambao mkulima yeyote anaweza kuuona kwa macho bila darubini, kwamba kila kiungo kimebeba jeni za mti mzima.

Hata kuchuma kwenyewe ni kuamsha jeni. Kichipukizi cha juu hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyaambia macho ya chini, "Nyinyi laleni." Ukikichuma, sauti ile hunyamaza, na macho ya chini huamka na kuchipua. Ndiyo maana mchai unaochumwa vizuri kila baada ya siku 7 hadi 10 huendelea kutoa machipukizi mapya, na ule ulioachwa hurefuka tu.

Maua ya mchai ni meupe, na katikati yamejaa nyuzi za manjano. Humo huamka jeni za petali na za chavua, ambazo katika jani zimelala fofofo. Mchai kwa kawaida haujichavushi wenyewe vizuri. Hutaka chavua ya jirani. Kwa hivyo mbegu za mti mmoja huzaa watoto wasiofanana, kama watoto wa shule moja. Hii ndiyo sababu wakulima hupanda vipande vya tawi badala ya mbegu. Mbegu yenyewe huamsha jeni za kuweka akiba, na kwa hivyo ina mafuta mengi.

CHAI YA ZAMBARAU

Mwaka 2011 wataalamu wa utafiti wa chai huko Kericho walitoa kwa wakulima aina mpya iitwayo TRFK 306. Majani yake machanga ni ya zambarau. Rangi hiyo ni anthosayanini, ile ile jamaa ya rangi iliyo katika zabibu nyeusi na kabichi nyekundu. Kogo ana michai kama 200 ya aina hiyo ukingoni mwa shamba.

Itazame vizuri michai hiyo nawe utaona somo letu lote limeandikwa kwa rangi. Majani ya juu ni zambarau. Kadiri yanavyokomaa huanza kuwa kijani, na yale ya chini kabisa ni kijani kama ya mchai wowote. Jani ni lile lile, jeni ni zile zile. Lilipokuwa changa, kurasa za anthosayanini zilikuwa wazi, lilipozeeka, zikafungwa. Kwa hivyo jeni hazitofautiani kazi kwa kiungo tu, bali hata kwa umri wa kiungo hicho hicho.

Wazee wa hapa Eldoret wanaweza kunipa mfano mwingine wa karibu. Miaka ya nyuma mji wetu ulizungukwa na mashamba makubwa ya miwati ya kampuni ya EATEC. Miti ilibanduliwa magamba, magamba yakapelekwa kiwandani kutolewa tanini ya kulainishia ngozi, na mbao zikawa kuni na makaa. Mbona hawakusaga mbao? Kwa sababu tanini ilirundikana katika magamba. Mti mmoja, kazi mbalimbali.

WANASAYANSI WANAJUAJE?

Huenda unajiuliza, nani amewahi kuiona jeni ikilala? Njia yao ni ya kuhesabu. Huchukua vipande vya mzizi, shina, kichipukizi, jani changa, jani kuukuu, ua na tunda kutoka mti mmoja au miti ya aina moja. Papo hapo huvitumbukiza katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu jani lililochumwa halifi mara moja. Linahisi jeraha, linahisi kiu, na linaendelea kufungua kurasa mpya na kufunga za zamani. Hata vile vijikaratasi vya RNA huoza upesi. Baridi kali husimamisha kila kitu kama picha.

Kisha vipande husagwa, RNA hutolewa na kusomwa kwa mashine, na nakala za kila jeni huhesabiwa. Mwisho hupatikana jedwali kubwa: safu moja ya mzizi, safu moja ya jani changa, safu moja ya ua. Penye nakala elfu, jeni ilikuwa macho. Penye sufuri, ilikuwa usingizini. Wakilinganisha jedwali hilo na kiasi cha theanini, kafeini na katekini katika kila kiungo, ndipo wanapojua ni ukurasa upi unaopika nini.

FAIDA YAKE KWETU

Nilipomweleza mjomba haya yote, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sawa, msomi. Sasa karo italipwa na jeni?" Ni swali zuri, nami nitalijibu bila kupamba.

Kwanza, sheria ya majani mawili na kichipukizi haikutungwa ili kumwonea mkulima. Imo ndani ya mti. Kikapu kizito cha majani magumu kikirudishwa ni sufuri, na sufuri hailipi karo. Haba na haba hujaza kibaba. Afadhali kilo chache zinazokubaliwa kila wiki.

Pili, ujuzi huu unagusa ajira. Mnamo Mei 2023 kulikuwa na fujo huko Kericho, na mashine za kuchumia chai zilichomwa moto kwa sababu watu walihofia kupoteza kazi. Mashine hukata kila kilicho juu ya mstari wake, kiwe kichanga au kikuukuu. Mkono wa mchumaji hodari hutambua jani kwa kuligusa tu, hutambua ni lipi ambalo jeni zake bado zinapika katekini. Waajiri husema mashine ni rahisi, na wao wana hesabu zao. Lakini mtu asiseme kwamba kuchuma ni kazi isiyohitaji akili. Mama zetu husoma jani mara elfu nyingi kwa siku.

Tatu, mtafiti akijua jeni ipi huamka wapi, anaweza kuchagua mche bora ungali mdogo, badala ya kungoja miaka mingi auonje. Samaki mkunje angali mbichi.

Nne ni onyo. Jeni zaweza kuleta rangi ya zambarau, lakini bei haimo ndani ya jeni. Michai 200 ya Kogo imechumwa na kuuzwa kwa bei ile ile ya kijani, kwa maana hapo karibu nasi hayanunuliwi peke yake. Mjomba alitaka kuing'oa. Kogo amekataa. Amesema mti haung'olewi kwa kosa la soko. Kwa sasa michai ingali pale, na mjomba huichuma pamoja na mingine, majani mawili na kichipukizi.

MANENO YA MWISHO

Wanafunzi wenzangu, nina ombi moja. Haya niliyoyaandika tunafundishwa kwa Kiingereza, tunayaandika katika mtihani kwa Kiingereza, na mengi yanaishia hapo. Kogo hajui Kiingereza. Karani hajampa maelezo, na kitabu changu cha Bayolojia hakiwezi kuzungumza naye. Lakini nilipomwambia kwa Kiswahili kwamba kila seli ina kitabu kizima na kila kiungo hufungua kurasa zake, alielewa mara moja, akaniuliza maswali matatu ambayo hata darasani hayajaulizwa. Moja lilikuwa hili: ikiwa jani kuukuu lina kurasa zote, je, laweza kufunguliwa zile za ujana tena? Kwa jani lililokwisha kukomaa mtini, kwa kawaida haifanyiki. Lakini ukiupogoa mti, macho yaliyolala miaka kadhaa huamka na kutoa majani machanga kabisa. Mti mzee, majani ya ujana.

Basi, chama chetu kisiwe cha ngonjera na mijadala tu, ingawa hizo nazipenda. Kila mmoja achukue somo moja alilofundishwa, liwe la Kemia, Jiografia au Kilimo, aligeuze liwe Kiswahili ambacho bibi yake ataelewa. Elimu ikibaki darasani ni kama mbolea iliyobaki ghalani wakati mizizi ina njaa.



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu